Nyundo na Ndoo

Naitwa Mihayo. Kwa Kinyamwezi, maneno.
Cheka ukitaka; Nyamizi naye alicheka,
siku ya tisa wodini,
daktari aliponiuliza jina nami nikajibu, "Jumanne."

Kabla ya hapo nilikuwa mpakiaji, stesheni ya Tabora,
miaka kumi na minne ya magunia,
bega hili la kulia.
Kiharusi hakikubisha hodi.
Gunia likadondoka, nami juu yake,
na kinywani ikabaki salamu moja tu: mwangaluka.
Mwangaluka kwa muuguzi. Mwangaluka usiku wa manane.
Mwangaluka kwa mama mkwe aliyeingia akilia.

Mkono wa kulia ukawa mgeni wangu.
Naubeba, naulaza, naufunika ukipata baridi.
Nikabaki na wa kushoto,
ule ambao mama aliuchapa kila nilipoupeleka kwenye sahani.

Karakana iko Isevya, nyuma ya mashine ya kukoboa.
Bati, vumbi la mninga, benchi saba.
Ngassa, katoka kwenye kifua kikuu,
kila ubao wa tatu anakaa chini na kuhesabu pumzi.
Mwashi hasikii; analaza kiganja kwenye benchi
ajue msumeno wa jirani umefika wapi.
Fundi wetu ni Kalunde. Mguu wake mmoja umefungwa chuma,
chuma kinalia kabla mwenyewe hajafika,
na sote tunaonekana wachapakazi.

Tunaunda mizinga ya nyuki.

Siku ya kwanza nilitaka nyundo.
Mdomo ukasema, ndoo.
Nyamizi angejua. Angeniletea nyundo
kabla sijamaliza kukunja uso.
Kalunde aliniletea ndoo.
Nikatikisa kichwa. Ndoo! nikasema, kwa hasira.
Akaleta ya pili.
Ya tatu akaenda kuiazima kwa mama ntilie.
Nikazungukwa na ndoo kama bomba la mtaa siku ya mgao,
naye kasimama, hacheki, hanihurumii,
anasubiri tu kama mtu anayesubiri chenji yake.

Siku ya nne, karibu saa tano: nyu, nikasema. Nyu.
Nyundo.
Akanipa, akaenda zake kumkagua Ngassa.
Nilitaka anipigie makofi.
Leo nashukuru hakupiga.

Jiliwa ndilo mkono wangu wa kulia sasa.
Lenyewe linauma ubao, mimi napiga randa.
Msumari nausimika kwanza kwenye kipande cha sabuni,
sabuni inaushikilia, kushoto kunagonga.
Mzinga wa kwanza ulipinda kama mlevi;
tuliupikia uji.
Wa pili ulivuja mwanga kwenye kona.
Wa tatu Kalunde aliuzunguka mara mbili,
akaunusa,
akasema, "Weka bei."

Mrina asali alikuja kutoka Sikonge, na baiskeli.
Nyamizi alikuwepo, mdomo umeshafunguka kunisemea.
Kalunde akakohoa.
"Shilingi ngapi?" Kimya. Randa zote zikasimama.
Kichwani niliiona wazi: elfu thelathini.
Mdomo ukasema, themanini.

"Themanini! Mzee, una nyuki ndani tayari?"
Nikataka kurekebisha. The, nikasema. The. The.
Akadhani nakaza.
"Ishirini!" akapiga kifuniko kofi.
Akasema mbao zangu mbichi. Akasema Urambo wanauza nusu yake.
Akaondoka mpaka kwenye baiskeli, akarudi,
akaniita mnyonyaji.

Tangu nianguke, hakuna aliyebishana nami.
Watu walinikubalia kila kitu, polepole,
kama wanaongea na mtoto aliyelala.
Huyu alinirushia mate ya ubishi usoni
na mimi nikatikisa kichwa, nikatikisa tena, nikanenepa.

Tuliishia thelathini na mbili.
Akahesabu noti, akaziweka
kwenye kiganja cha kushoto bila kutazama.

Njiani Nyamizi akaniuliza,
"Niambie kweli, ile themanini ulikusudia?"
Ilikuwa jioni kabisa, taa za maduka zimewashwa.
Nikamjibu, mwangaluka.